Lise Masengo na Vineno vya Kiingereza

Lise Masengo hakuwa mtu wa kungoja mwenzake amalize kusema. Hata kanisani, pasta akianza mstari wa Biblia, midomo ya Lise ilikuwa imeshafika mwisho wake. Alikuwa katibu katika shule moja ya Wametodisti hapa kwetu Kamina, Kongo, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Mume wake, Manassé, mwalimu wa hesabu, alikuwa mtu wa polepole. Alizoea kumalizia bukari yake, ule ugali wetu, peke yake, kwa maana mkewe alikuwa ameshainuka kuosha sahani.

Kiingereza alikianza vivyo hivyo, mbio mbio. Kiluba alikuwa nacho tangu kwa mama yake, Kiswahili alikiokota mtaani, Kifaransa alipewa na shule. Akaona Kiingereza nacho kitaingia tu kama wenzake. Alisikiliza redio akipika, alirudia maneno akifagia, na sokoni aliwafuata wachuuzi wanaoleta vitu kutoka Zambia ili asikie wanavyobishana bei.

Maneno ya kawaida yaliingia vizuri. Kilichomkera ni vile vitenzi vinavyofuatwa na kineno kidogo nyuma, halafu maana yote inageuka. Kwa hivyo kila Jumamosi mchana alikwenda barazani kwa jirani yao, Mwalimu Amédée, aliyefundisha Kiingereza mpaka nywele zikawa nyeupe.

“‘Give’ njo nini?” Amédée aliuliza; kwa watu wa Kamina ‘njo’ ni ‘ndiyo’.

“Kutoa.”

“Na ‘give up’?”

“Kutoa juu.”

“Hapana. Njo kukata tamaa, kuacha.”

Lise alipiga goti lake kwa kiganja. “Sasa, Mwalimu, ile ‘up’ inafanya nini pale? Juu iko wapi? Muntu anaacha kazi, anapanda wapi?”

“Usiikate mu bipande. Ikamate yote pamoja, sawa jina ya muntu. Weye unaitwa Masengo. Mbona hauulize ‘Ma’ njo nani na ‘sengo’ njo nani?”

Alicheka, lakini hakuridhika. Alitaka kanuni, kitu cha kushika mara moja na kwenda nacho. Mwalimu alimpa ‘look after’, kutunza. Akataka pia ‘look for’, kutafuta, na ‘look down on’, kudharau, yote siku ile ile. Mzee alimwambia kila neno alipatie siku yake, alitumie, alisikie kinywani mwa watu. Lise alijibu kwa kuuliza siku ziko wapi. Walipofika kwenye ‘put off’, hakumwacha hata amalize. “Ile naijua. Bale bantu ba Ndola, kule Zambia, banasema ‘put off the light’. Kuzima taa.” Akaruka kwenda kwenye neno linalofuata, na Amédée, aliyekuwa amefungua kinywa, akakifunga.

Mwanzoni mwa kiangazi ikatangazwa kanisani kwamba kundi la waganga wa macho litatoka Zambia, likae siku chache kwenye kituo cha afya, lipasue macho ya wazee yaliyofunikwa na utando mweupe. Hawakujua Kifaransa. Walihitaji mtu wa kutafsiri. Kabla tangazo halijaisha, Lise alikuwa amesimama.

Siku ya kwanza ilimwendea vizuri mno. Watu walikuja kutoka kila upande, wengine wameshikwa mikono, wengine wamepakiwa kwenye baisikeli. Lise alikuwa katikati, dokta huku, wagonjwa kule, Kiluba, Kiswahili, Kiingereza, akigeuka geuka kama mtu anayepika vyungu vitatu. Watu walimwita Mama Dokta. Hakuketi.

Siku ya pili aliingia mama mmoja mzee, Mama Nday, mkaushaji wa samaki wa Kinkondja, kule ziwani. Moshi na miaka vilikuwa vimemla uso, na macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Alishikwa mkono na binti yake, Kitwa. Mkwewe, Séraphin, alikuwa nje na baisikeli iliyomleta mama njia nzima kutoka ziwani.

Muuguzi alimpima presha ya damu. Dokta, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, akatazama kipimo, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba ‘pressure’ yake iko juu. “Put her off for now,” akamalizia, huku akimwita mgonjwa wa nyuma yake.

Lise alilisikia kila neno. ‘Put off’, kuzima. ‘Now’, sasa. Kuna kitu kilimgusa kwamba sentensi ile haikukaa sawa, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaketi, na kuuliza kungemfanya aonekane hajui. Akamgeukia mama.

“Mama, munganga anasema damu yako iko inapanda sana. Kazi ya macho yako baliizima. Iko mwisho.”

Mama Nday aligeuzia uso upande wa sauti ya Lise. Halafu akauliza, “Hata jicho moja?”

“Hata moja, Mama. Pole.”

Muuguzi alimtia mkononi vidonge vya damu. Kitwa akavifunga kwenye ncha ya kitambaa. Wakatoka, mama akipapasa ukuta, na Lise akawa ameshageukia mwingine.

Kesho yake, jua lilipoanza kuwa kali, dokta alisimama mlangoni akatazama benchi. Aliuliza yuko wapi yule mama wa vidonge; alitaka ampime tena, damu ikishuka ampasue kabla hawajaondoka. Lise akasema amekwenda kwao. Si dokta mwenyewe alisema imezimwa? Dokta alimkazia macho. Akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba ‘put off’ ni kusogeza mbele, kumwambia mtu angoje siku nyingine. Na ‘for now’ ni kwa sasa tu, si kwa siku zote.

Lise alimwacha akiwa bado amesimama mlangoni. Hakuaga. Alikwenda mbio mpaka shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa la Manassé, na wanafunzi wote wakageuka.

“Chukua pikipiki ya shule. Tunaenda njia ya Kinkondja.”

“Lise, niko nafundisha.”

“Niliharibu macho ya muntu, Manassé.”

Manassé aliweka chaki chini.

Barabara ilikuwa mchanga mtupu, pikipiki ikiyumba kama mlevi. Lise hakutulia nyuma. Kila baisikeli iliyotokea mbele alimpiga mumewe begani: labda ni wale. Walikuwa wauza makaa, au mtu na mbuzi wake. Alihesabu kichwani mambo yanayoweza kutokea: wamekata njia nyingine, mama ameanguka, wamepata gari. Manassé akamwambia, bila kugeuka, “Kama unaruka ruka, tutaanguka, na hapo hatutafika kabisa.” Lise akaanza kutafuna ncha ya kitambaa chake.

Waliwakuta baada ya mchana, katika kijiji kimoja cha njiani, kwenye uwanja wa ndugu yao mmoja. Séraphin alikuwa anaziba tairi. Mama Nday ameketi kwenye mkeka, uso umeelekea upande ambao hakukuwa na kitu. Kitwa alimwona Lise, akasimama.

“Unafuata nini tena?”

Lise alipiga magoti mbele ya mkeka. “Mama, njo minyi, ule wa kutafsiri. Turudi. Munganga iko anakungoja.”

“Jana ulisema baliizima,” Mama Nday alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lise zaidi. “Leo unasema banangoja. Kesho utasema nini? Minyi sione. Niko natembea na kinywa ya bantu. Kama kinywa inanidanganya, nitaanguka mu kilindi.”

“Mama alilia njia muzima,” Kitwa akasema. “Muzima.”

Manassé alitaka kusema kitu. Lise alimzuia kwa mkono.

“Munganga hakukosa. Njo minyi nilikosa. Alisema neno moja, nikasikia ingine. Na nilikuwa na mashaka, Mama, lakini nilipata haya ya kuuliza.”

“Neno gani hiyo, inageuka vile?”

Vitenzi vyote Lise alivyovirundika kichwani havikumfaa. Alitazama huku na huku, akaona mlango wa nyumba ya nyuma, umerudishwa.

“Mama, kama nasema ‘Kitwa, funga mulango’, atafanya nini?”

“Atafunga.”

“Na kama nasema ‘fungua’?”

“Atafungua.”

“Unasikia? Katikati iko kadogo tu, hata hakajazi kinywa. Lakini kamoja kanakuacha inje, kamoja kanakuingiza mu nyumba. Shiye ba Kiswahili tunaweka kale kadogo mu tumbo ya neno. Bo ba Kiingereza banakaweka nyuma, inje. Minyi nilisikia neno, sikusikia kadogo.” Alikuwa analia sasa, lakini hakusimama. “Munganga alisema ‘ngoja’. Minyi nikakufungia mulango.”

Kuku walipita katikati yao. Mama Nday alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata uso wa Lise, akaupitisha vidole kama mtu anayechagua samaki.

“Iko na maji mingi hapa,” alisema. “Basi. Kitwa, vile vidonge, nilikunywa?”

“Ulikunywa, Mama.”

“Leta kitambaa yangu.”

Ilibidi Mama Nday apande pikipiki na Manassé, kwani kabla ya giza baisikeli isingefika. Lise akabaki na Kitwa na Séraphin. Waliingia mjini kesho yake asubuhi, miguu imejaa vumbi, na njia yote Kitwa hakumsemesha ila mara moja, alipomwomba ashike mzigo.

Damu ya mama ilikuwa imeshuka. Dokta akasema wana nafasi ya jicho moja. La pili muda hautoshi, wanafunga vifaa. Safari hii, kabla ya kumgeukia mama, Lise alimuuliza dokta maneno yote upya, moja moja, mpaka mtu yule akaguna. Lise hakujali. Wagonjwa wa benchi walinung’unika kwamba leo Mama Dokta amekuwa mzito.

Bandeji ilipotolewa siku iliyofuata, dokta aliinama akauliza, “How’s she getting on?” Lise alisita. ‘Get on’ alijua ni kupanda basi au farasi. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, akalimeza. Akauliza. Dokta akatabasamu kidogo, akasema ni kutaka kujua tu anaendeleaje.

“Mama, anauliza unaendelea namna gani?”

Mama Nday alipepesa jicho. Alitazama dirisha, kisha binti yake, kwa muda mrefu sana, mpaka Kitwa akaficha uso kwa mikono. Halafu akamtazama Lise.

“Njo weye?”

“Njo minyi, Mama.”

“Nilizania uko munene. Sababu ya ile sauti yako.”

Waganga waliondoka wakisema watarudi, Mungu akipenda, na hakuna aliyejua mwaka gani. Jicho la pili la Mama Nday linawangoja bado. Kitwa hupiga simu mara kwa mara kuuliza kama kuna habari, na Lise, asiye na habari, hupata shida kusema hivyo tu na kunyamaza.

Jumamosi bado anakwenda kwa Amédée. Huchukua neno moja, mara nyingine mawili, analigeuza mpaka mzee mwenyewe anachoka. Mguu wake hautulii chini ya meza. Unagonga sakafu, unagonga. Juzi pasta alianza kumwambia kwamba kundi lingine, la meno, linatafuta mtu wa kutafsiri, na Lise alisema ndiyo kabla hajasikia ni lini.