Pasi ya Mkaa ya Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Songea ikiwa imekaza mpaka paka hatoki jikoni. Nilikuwa mke mgeni hapa Mshangano. Nimetoka kwetu Nakapanya, Kingoni sikijui, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Nilikuwa nashona nguo mjini. Kipato changu cha mwanzo nikamnunulia mama mkwe pasi ya umeme, maana nyumba ilikuwa na umeme na yeye bado anahangaika na pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaifunga kwenye kanga na kuiweka sandukuni. Jumamosi iliyofuata nikamwona anatoka na pasi yake ileile.

Hapo dhana ikaniingia. Angalia, mwanangu: jikoni kwetu makaa yalikuwa mekundu, yeye anayapita, anakwenda kuomba moto kwa jirani, Bibi Kolumba. Kila Jumamosi. Huko anakaa mpaka jua linapanda. Nikipita karibu nawasikia wanaongea Kingoni, wanacheka. Wakiniona, kimya, halafu ndiyo wananikaribisha kwa Kiswahili. Na huyo Bibi Kolumba, mjane anayeishi peke yake, watu walikuwa wanamnong'ona. Chakula cha mtu hali, nyumbani kwake huingii. Unajua watu wakishindwa kumwelewa mzee wanamwita nani.

Nguo zetu zote zilipigwa pasi kwa moto wa kule. Zangu nikawa nazivaa kwa hofu, nyingine nazifua tena kwa siri. Nikamwambia mume wangu, Otmari, "Mama yako hanipendi. Zawadi yangu kaifungia, na moto anaufuata kwa mtu asiyeeleweka."

"Mama anaomba moto pale tangu mimi mdogo," akasema. "Kamuulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Lisemwalo lipo, nilijiambia, na kama halipo li njiani. Nikawaza kurudi kwetu nijifungulie huko, na pengine nisirudi tena.

Sasa Jumamosi hiyo ya baridi niliyoanza nayo, mama mkwe aliamka na homa. Akaniita kitandani kwake. "Chukua pasi, kaombe moto kwa Bibi Kolumba."

Nikahisi mtego. "Mama, makaa yapo hapa jikoni."

"Sijakwambia unitafutie makaa. Nimekwambia ukaombe moto."

Nikaenda nikijikokota. Nikapiga hodi: kimya. Nikapiga tena, nikasikia kitu kinakwaruza sakafuni. Miguu ikataka kugeuka. Nikajiuliza, hawa wazee wamepanga nini juu yangu? Kisha ikatoka sauti ndogo, kavu: "Karibu."

Nikasukuma mlango. Bibi Kolumba alikuwa chini kando ya kitanda, mguu umepinda, midomo imepasuka kwa kiu. Mafigani jivu tupu. Alikuwa ameanguka tangu jana yake. Alipoiona pasi mkononi mwangu akafumba macho, akasema, "Nilijua leo mtakuja kuomba moto."

Nilipiga yowe mpaka majirani wakajaa. Akapatikana mwenye gari, tukampeleka hospitali Peramiho. Alipona, ingawa baada ya hapo alitembea na mkongojo.

Niliporudi, nikamkuta mama mkwe ameketi akinisubiri. "Kolumba ukimpelekea uji, anakwambia hajawa ombaomba," alisema. "Ukienda kumjulia hali, anakuuliza unapeleleza nini. Lakini ukimwomba moto atauwasha. Akishauwasha, atapika. Na mimi nitakuwa nimemwona. Pasi yako ni nzuri, mwanangu, ila haiombi moto kwa mtu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe uliniuliza? Ulikuwa unanichungulia tu."

Nikainamisha kichwa. Lakini bado kitu kimoja kilinikereketa, nikasema, "Na kunisema, mlikuwa mnanisema?"

"Kidogo," akajibu. "Unazidisha chumvi kwenye mboga."

Mwanangu, sikuambii ukatae vipya. Ile pasi ya umeme mama mkwe alinipa mwenyewe nikaitumie kwenye ushonaji, ikanifaa miaka mingi. Ila wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo cha zamani kikiwa bado kinafanya kazi, usikitupe kabla hujajua kinafanya kazi ngapi, maana nyingine hazionekani na mgeni wa nyumba. Kushuku si dhambi. Hata leo mtu akinihimiza nitupe kitu changu kizima, namtazama mara mbili. Lakini shaka usiifuge. Ukiifuga inazaa, na watoto wake ni wengi kuliko mama. Ipeleke kwa mwenyewe, kaa naye, muulize kwa adabu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe majirani wa kukubishia hodi, na siku ambayo hutaweza kuinuka, awaongoze wasukume mlango.