Mama Pasi na Kitani Cheusi

Miaka ishirini na sita Mama Pasi alipiga pasi mashuka ya hospitali, na hakuna shuka hata moja lililomtoka mkononi likiwa na kunyanzi. Jina alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia. Hasira alizaliwa nazo. Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, alizoea kusema nyumba yao ina pasi mbili, na ile ya umeme ndiyo inayopoa mapema.

Mume huyo ndiye aliyeleta kitani cheusi, mmea wa mapambo. Mteja mmoja alimpa chipukizi, naye akalipanda kando ya kibaraza, likawa kichaka cha majani marefu kama panga, rangi ya zambarau zilizoiva. Wapita njia wakiuliza kama kimeungua, alijibu, "Kimeiva." Alimwonya mkewe mapema: ukipanda mbegu zake, watoto hawafuati rangi ya mama, kwa hiyo kitani hiki huoteshwa kwa kugawa shina tu. Na mara kwa mara hutoa chipukizi la kijani.

"Hilo ling'oe na mzizi wake," alisema. "Kijani kina nguvu. Ukikionea huruma, kitamaliza cheusi chote."

Alifariki mwaka jana. Alichoacha ni sanduku la spana, kisu chake cha bustani, na kitani.

Jumamosi Mama Pasi alirudi kutoka zamu akamkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, amekaa kibarazani anajifuta jasho. Alikuja kurekebisha mfereji wa bati, akaona afanye na hisani nyingine. Penye geti palikuwa na rundo la majani meusi. Penye kitani palisimama kichaka cha kijani kitupu, kimepunguzwa vizuri kama kichwa cha bwana harusi.

"Nimekusafishia, shemeji. Yote yaliyokauka nimeyakata mpaka chini. Yaliyobaki ni mazima."

"Yaliyokauka!" Mkoba ulimdondoka. "Miaka yote unakula chakula changu kwenye kibaraza hiki, hujaona jani lililo mbele ya pua yako? Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Si ungekaa basi! Mikono ikikuwasha, huna kwako?"

Hasira hasara, husema watu, lakini watu hao hawakuwa na shemeji kama huyu. Alimwita kipofu, akamwita panya, akamwambia kaka yake angemtandika kwa spana. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Shemeji, kijani hicho kinanifika kiunoni. Nilijua unakitunza."

Mama Pasi akakigeukia kichaka. Ni kweli, mwaka mzima hakukata hata chipukizi moja. Kila alipopita pale aliona kijani kinapanda, akageuza uso. Ile ilikuwa kazi ya mumewe. Kuinama na kisu kile kulikuwa sawa na kukubali kwamba mwenye kisu hatainama tena. Alimkasirikia shemeji, ndiyo, lakini zaidi alimkasirikia marehemu, aliyekufa akamwachia kazi zake.

Akaingia ndani, akatoka na kisu. Alipiga magoti akiwa bado na sare ya kazini, akachimba. Kila shina alilolipasua lilikuwa la kijani, akalitupa nyuma bila kuangalia linampiga nani. Jasho na machozi vilimchanganyikia, naye akavitukana vyote viwili.

Karibu na ukuta, chini kabisa, akafikia kipande cha mzizi kisichozidi kidole gumba. Kilikuwa na ncha moja tu, nyeusi tii.

Shemeji akanyoosha mkono. Akapigwa kofi vidoleni.

"Usiguse! Lete maji."

Akaleta kikombe. Mama Pasi alikizika kipande kile peke yake, akakimwagia kidogo kidogo.

"Na kijani kikirudi?" shemeji aliuliza kwa woga.

Mama Pasi alipangusa kisu kwenye sketi, akakitia katika mfuko wake mwenyewe.

"Nitakikata mimi."