Kisima cha Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa fundi mwashi, na kisima cha uani kwake alikichimba mwenyewe ili mama mdogo aache kubeba ndoo kichwani. Ukimsifia nyumba aliyoijenga, angekuambia njoo kwanza uonje maji.

Basi mama mdogo akaanza kuharisha, akapoa, akaanza tena. Dada wa maabara akapima maji ya kisima, akasema yana bakteria wa kinyesi. Baba mdogo alinuna siku mbili, utadhani katukanwa yeye. Halafu akakagua, akakuta ufa chini ya mfuniko, maji machafu ya uani yanapenya humo. Aliuziba kwa saruji siku hiyo hiyo, akanunua klorini. Maelekezo yalikuwa wazi: imwageni kisimani, iacheni mpaka kesho yake, ndipo mchote mmwage maji yote yenye dawa. Ya kunywa mchemshe mpaka yapimwe tena.

Tuliimwaga saa tatu asubuhi. Saa sita mama mdogo akatoka, akanusa ndoo, akakunja pua.

"Mume wangu, utaninywesha chai au hospitali nzima?"

Tulicheka. Baba mdogo hakuwa na ubavu wa kumnyima kitu yule mwanamke.

"Dawa imeshafanya kazi," akasema. "Maji haya nayajua."

Nami, mpumbavu niliyewasomea maelekezo kwa sauti, nikashika kamba, tukachota mpaka harufu ikaisha. Maji yakarudi matamu. Kuchemsha kukasahaulika, na kupima tena, kila siku tukasema wiki ijayo.

Wiki ya tatu mama mdogo alizidiwa. Daktari alisema mwili umekaukiwa maji, na figo zimechoka. Siku ya nne tukampoteza. Nililia mpaka sauti ikakauka, na hasira yangu sikujua nimtupie nani, maana kamba nilishika mimi.

Baada ya mazishi baba mdogo akanunua klorini nyingine. Safari hii aliweka kigoda kando ya kisima, akakaa kukilinda mpaka kesho yake, mtu asiguse ndoo. Siku chache baadaye tukapeleka maji maabara. Dada yule akatoka na karatasi, anatabasamu.

"Hongera, mzee. Maji safi kabisa. Sasa mwambie mama anywe bila wasiwasi."

Nikafungua mdomo. Baba mdogo akanibana mkono.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nitamwambia."