Hoteli Tatu za Shemeji Nazarali

Gulnar amepanga safari za watu pale Don Mills, mtaa wa Toronto, kwa muda mrefu, hadi wateja wake wa mwanzo sasa wanamletea wajukuu. Alizaliwa Moshi, akafika Toronto akiwa msichana, akajifunza kukata tiketi kwenye ofisi ya mtu, kisha akafungua yake. Kila siku kuna anayemwambia kwamba kazi hiyo imekwisha, kwamba siku hizi mtu anajipangia safari kwa simu akiwa amejilaza. "Sawa," hujibu, "na akikwama huko anampigia nani?"

Anapigiwa yeye. Na anayempigia kuliko wote ni Nazarali, mume wa dada yake Nilofar, mzee wa Unionville, nje kidogo ya Toronto, aliyestaafu na asiyejua la kufanya na siku zake.

Mwaka jana, akisubiri zamu yake kwa daktari wa meno, Nazarali alifungua jarida lenye picha za hoteli za Skandinavia: madirisha marefu, viti vya mbao nyepesi, maji yanang'aa chini. Ijumaa ile, nje ya jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, alimwendea Gulnar ambaye hata viatu alikuwa hajamaliza kuvaa.

"Gulnar, mimi na dada yako tunatimiza miaka arobaini. Tunataka Kopenhagen, Stockholm, Oslo. Na sitaki hoteli kubwa za kila mahali. Nataka za mtindo wa kule kule."

"Kuna kitu usichokipenda, shemeji? Niambie sasa, usije ukaniambia ukiwa huko."

"Mimi? Mimi mtu rahisi kabisa."

Nilofar alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Gulnar mwenyewe hajawahi kufika Skandinavia, lakini hoteli zake anazijua kwa picha kama anavyojua jikoni kwake. Alichagua kwa moyo, maana alikuwa anampangia dada yake. Katunge, Mkamba kutoka Machakos anayefanya naye kazi, alimwangalia akihangaika na picha za vyumba wiki nzima, akatikisa kichwa. "Huyu mzee atakusumbua, mama. Mimi nakwambia."

Simu ya kwanza ilitoka Kopenhagen, ofisi ikiwa imejaa wateja.

"Gulnar, kitanda ni kimoja lakini mablanketi mawili! Kwani hawa wamesikia tumegombana?"

"Ndivyo wanavyolala huko, shemeji. Kila mtu na lake."

"Na bafu lina ukuta wa kioo. Dada yako anaoga kama yuko kwenye dirisha la duka."

"Kuna pazia. Bonyeza kitufe pembeni."

Sauti ya Nilofar ikasikika kwa mbali: "Nilimwambia abonyeze!"

Stockholm ilikuwa mbaya zaidi. Ukuta wa chumba ni mweusi, taa hafifu kama kuna matanga. Birika la chai hakuna. Kijana wa mapokezi amevaa fulana na raba, Nazarali akamdhania mbeba mizigo akamsukumia masanduku yake. Asubuhi wakaletewa samaki mbichi, wa siki na sukari kama achari ya embe. "Hii ndiyo hoteli ya kifahari?" Gulnar alimweleza, kwa mara ya tatu, kwamba kule fahari ni utulivu, si dhahabu na mazulia mekundu. Alipokata simu alikaa akitazama dari.

"Ukinisikia nimekubali tena kumpangia ndugu safari," akamwambia Katunge, "nifungie nje ya ofisi."

Oslo ndiyo aliyokuwa ameipenda kuliko zote. Jengo la matofali la zamani, milango mizito ya chuma iliyoachwa makusudi, madirisha ya juu, vitanda vyeupe kama theluji. Zamani lilikuwa gereza, na wenye hoteli walijivunia jambo hilo. Gulnar alidhani hata Nazarali atapata hadithi ya kuwasimulia wenzake.

Simu ya Oslo ilikuwa ya Nilofar. "Hataki kuingia. Amekaa nje kwenye benchi na masanduku, na mvua inanyesha."

"Dada, mpe simu." Gulnar alikuwa amesimama sasa. "Shemeji, blanketi nimevumilia, samaki nimevumilia. Hapo umeona nini tena? Hata mlango hujaingia!"

Nazarali alimrudishia mkewe simu. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Kisha Nilofar alirudi kwenye simu, akisogea mbali na mumewe.

"Gulnar, alifungwa. Tabora, mwaka themanini na tatu, ule msako wa wahujumu uchumi. Walikuta sabuni na sukari stoo. Walimweka mahabusu miezi, hakuna kesi, kisha wakamwachia. Mimi nilijua kabla hatujaoana. Hakutaka watu wa kwetu wajue."

Gulnar alikaa chini. Alimwonea huruma, na wakati huo huo hasira zikampanda upya, mbaya kuliko za mwanzo. Mtu ana mdomo wa kulalamikia birika, ukuta, mablanketi na kijana wa watu, halafu hili moja, ambalo kwa neno moja tu angelizuia, analimeza! Katunge alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Wakatafuta wote wawili, Gulnar akipiga simu Oslo huku akijifuta pua, wakapata chumba cha kawaida karibu na bandari, kikubwa, chenye dirisha la kufunguka.

Jioni ya kule Nazarali alipiga. "Lifti ya hapa inapiga kelele," alisema. Gulnar alimwambia asante kwa kumjulisha.

Waliporudi, alikuja ofisini peke yake, akaketi kiti cha wateja. Katunge akampa chai, akaenda kupanga makabrasha yasiyohitaji kupangwa.

"Nilikuuliza," Gulnar alisema. "Pale nje ya jamatkhana. Nilikuuliza kabisa."

"Uliuliza."

"Basi kwa nini hukusema?"

Nazarali alizungusha kikombe. "Nilidhani nimesahau. Mpaka nilipouona ule mlango." Alikunywa funda la chai. "Aliufungua kwa mkono mmoja yule binti wa mapokezi. Mwepesi tu. Wanautia mafuta. Wa Tabora ulikuwa unalia."

Gulnar aliinuka. Alichungulia dirishani, akaona gari jeupe la shemeji yake limesimama kwenye nafasi ya walemavu, taa zikiwaka.

"Shemeji, gari!" alipiga kelele. "Mara ngapi nimekwambia pale si pako? Nenda ukaliondoe, kisha urudi umalize chai yako."