Mashini Iliyobebwa kama Mtoto

Wakati wetu, hapa milimani Masisi, mtoto alijua kulinda kitu kabla ya kujua kusoma. Asubuhi tulitelemka vilima tumekalia mashina ya mgomba, matako yanawaka moto, lakini kila mmoja ameshikilia kifuani ardwazi yake ya shule, kile kibao cha kuandikia kwa chaki. Ukiivunja, Mama hakupigi. Anakunyima maziwa ya kuganda, na ndugu zako wanakunywa wakikutazama.

Safari yangu ya kwanza kuvuka mpaka ilikuwa mara tu baada ya uhuru. Baba alikuwa amekufa. Kisha dada ya Mama akafariki Kisoro, upande wa Uganda, akamwachia Mama mashini yake ya kushona, ile ya kuzungusha kwa mkono. Baba zangu wadogo walicheka. "Mwanamuke mujane na mashini, njia yote ile? Watamunyanganya mbele ya kufika mupaka wa Bunagana." Bila mashini ile, shule yangu ilikuwa imekwisha.

Mama alinichukua mimi na mdogo wangu mchanga, tukaenda. Kule Kisoro aliing'oa mashini kwenye ubao wake, akaipaka samuli, yale mafuta ya ng'ombe tunayopaka watoto wachanga kwetu, akaivingirisha kwa nguo, akaitia mgongoni na kuifunika kitenge. Mdogo wangu wa kweli nilimbeba mimi.

Ndani ya kamio, lori la kubeba abiria, vijana wa mjini walikalia valizi zao za nguo zilizofungwa kufuli, yaani kadena, funguo zinaning'inia shingoni. Walimpisha Mama kwa ajili ya "mtoto" wa mgongoni, kisha wakaziba pua.

"Mama, uyu mutoto wako ananuka samuli."

"Iko mutoto wa watu wa ng'ombe. Mutoto wa muji njo ananuka sabuni."

"Na mbona halii?"

"Ukimuamusha, utamubeba weye."

Hakuna aliyemwamsha. Tuliposhuka kunywa maji, valizi mbili ziliondoka pamoja na kadena zake. Wenyewe walibaki na funguo. Sisi mvua ilitunyeshea mpaka nyumbani. Mama alifika mgongo umechubuka, na mashini haina hata kutu. Mashini hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka sekondere.

Leo mimi ni mama, na mashini ni yangu. Bwana wangu anachuma chai Uganda, mwezi huu namfuata. Shemeji yangu, mdogo wa bwana wangu, kijana wa viatu vya kung'aa, ameniletea ushauri nisiomwomba: mashini ibaki kwake, ndani ya sanduku la bati.

"Shemeji, siku hizi hakuna muntu anabeba vile. Utatupatisha haya."

"Haya yako itanilisha? Kaa na sanduku lako."

Zamani watu wa kamio waliona mama na mtoto, wakasogea, hata kama wanaziba pua. Siku hizi wanatazama kwanza umevaa nini. Pengine hawatanipisha. Basi nitasimama. Mwanangu ameshajua kutembea, atatembea. Mgongo una mwenyewe, mashini.

Samuli nimeianika juani tangu asubuhi, inuke vizuri.