Waliobeba Mawe ya Ngome

Bandari yetu ya Goma ilikuwa na ngome ya mawe meusi ya volkano, imekaa juu ya gati kama kuku anayeatamia. Nilipoolewa mtaa wa Majengo, miaka ya hamsini, nilidhani historia yake nitamuuliza mtu mmoja tu, basi. Kumbe nilijitafutia maumivu ya kichwa.

Mwalimu mmoja alisema Wabelgiji waliijenga kuwachunga Wajerumani waliokuwa Gisenyi, pale pale ng'ambo ya mpaka. Mzee mmoja wa Masisi, aliyebeba mawe yake, aliongeza kuwa ukuta uliwaangukia wapagazi, na ukajengwa upya juu yao. Mzee mwingine wa Mapendo, naye aliyebeba mawe yale yale, aliapa kwamba hakuna ukuta ulioanguka: mizinga ililia, wapagazi wakakimbilia ng'ambo, wengine wakaoa huko huko. Wote wawili walisema waliona kwa macho yao.

Ningewaacha wabishane mpaka wachoke, lakini baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alichukuliwa kwao Kalengera mume wangu akiwa bado tumboni, na hakurudi. Mama mkwe hakuwahi kumwekea matanga. Wanaume waliotaka kumwoa aliwajibu kuwa ana mume.

Serikali ilipoamua kuibomoa ngome ili ipanue gati, mama mkwe alihamia pale na mkeka wake. Kila jiwe la msingi lilipong'olewa, alisimama kuchungulia. Wabomoaji walifika hadi kwenye mwamba, na hawakukuta mfupa hata mmoja.

Majirani wakaja nyumbani kumpongeza. Hata mimi nilipiga vigelegele, mjinga mimi.

"Mama, pengine baba iko muzima," nikamwambia.

"Munanifurahia nini?" akauliza. "Mutu mwenye alikufa hakunikataa. Mwenye iko muzima, alinikataa."

Kesho yake akatuamuru tukate mgomba, maana kwetu aliyepotea bila mwili huzikwa hivyo: shina hufungwa kwenye mkeka, likalazwa kaburini. Nikamuuliza kama sasa anamwamini mzee wa Masisi.

"Sijue, mukwe wangu. Muchimbe tu."

Tukachimba. Nililia kwa sauti kubwa kama inavyompasa mke wa mtoto, na mpaka kaburi linajaa udongo sikujua namlilia marehemu, au mzee anayekula maharage kwa mke mwingine huko Gisenyi.