Chuo cha Bi Kazija, Ghorofa ya Nne

Mwaka 1998, Murshid, akiwa Dar es Salaam, alikumbuka ghafla kuwa ana binti. Miaka mitatu ilikuwa imempitia hivi hivi: shughuli nyingi, mke mpya, makochi mapya, mtu atakumbuka mangapi? Alipokumbuka hakupiga simu. Alikwenda mahakamani kuomba akabidhiwe Ilham, mwenye miaka tisa, kwa kuwa mama yake, Mwanahija, amemfungia ndani huko Guangzhou, China, bila shule.

Mwanahija, mtu wa Unguja, alikuwa akisafirisha jinzi za Xintang, mji wa viwanda wa jirani, na kuishi na binti yake karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Shule alikuwa ametafuta. Ya mtaani ilimjibu "mei you", yaani hakuna, neno ambalo mji ule haujawahi kuishiwa nalo. Ya wageni ilitaka ada ya kununulia nyumba. Basi akamsomesha mwenyewe, juu ya marobota ya jinzi.

Mahakama ilitaka maelezo ya maandishi. Akatuma faksi yenye ukweli mtupu: "Haendi skuli. Asubuhi anasoma chuo kwa Bi Kazija, ghorofa ya nne, mchana namsomesha mimi."

Wakili wa Murshid, Medard, mzaliwa wa Bukoba na msomi wa kutosha, alijibu kwa kurasa tatu. Aliomba namba ya usajili wa Chuo cha Bi Kazija. Aliomba majina ya wahadhiri. Zaidi ya yote, aliomba aelezwe mtoto wa miaka tisa alipokelewa chuoni kwa cheti gani cha kidato cha sita. Kama cheti hakuna, basi mama huyu ni mwongo na hafai kulea.

Mwanahija alizipeleka kurasa hizo kwa Jovitha, msichana wa Tabora aliyekuwa akisomea udaktari pale mjini na kumsaidia makaratasi. Jovitha alisoma, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, hiki chuo ndiyo kitu gani?"

"Chuo si chuo? Pahala pa kusomea Kurani. Nyinyi kwenu mwapaita nini?"

"Kwetu wanasema madrasa. Chuo ni pa kusomea uhandisi."

"Kwa hivyo huyu wakili kadhani Bi Kazija ana chuo kikuu?"

"Na kwamba Ilham anakaribia kuhitimu."

Bi Kazija, jirani yao wa ghorofa ya nne, ambaye hakujua kusoma herufi yoyote nje ya msahafu, aliambiwa kuwa sasa yeye ni mkuu wa chuo. Siku hiyo alikataa kuosha vyombo.

Faksi ya pili ikaeleza mambo. Hakimu, aliyekwisha kuchoshwa na wote wawili, akatoa agizo fupi: mtoto aandike barua kwa mkono wake, bila kusaidiwa, aeleze amejifunza nini na anataka kuishi wapi. Atasikilizwa yeye.

Mwanahija alifurahi. Wakili na vyeti vyake sasa angekoma. Alimketisha Ilham mezani, akatoka chumbani kwa uaminifu wote, akarudi baada ya saa nzima.

"Mheshimiwa Hakimu," Ilham alikuwa ameandika, "mama amenifundisha hesabu, Kiingereza na kuandika barua. Nampenda sana. Sauti ya baba siikumbuki. Lakini watoto wote wa Kichina wa jengo hili wanakwenda shule, na mimi nawaona dirishani. Kama kwa baba kuna shule yenye watoto, nitakwenda kwa baba."

 Mwanahija akaisoma tena polepole akitafuta kosa, maana barua yenye makosa mwalimu ana haki ya kuirudisha iandikwe upya. Herufi kubwa zilikuwa mahali pake. Nukta zilikuwa mahali pake. Hata koma.

Akavaa viatu, akaenda kuituma.